Barua ya wazi: Mtoto aliyetoka vitani hasomi kwa kuandikishwa tu

Kwa:
Waheshimiwa Mawaziri wa Elimu katika nchi zinazopokea wakimbizi,
Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya masuala ya wakimbizi,
Wakuu wa mashirika yanayohudumia wakimbizi, pamoja na wafadhili wao.

YAH: ELIMU NA AFYA YA AKILI YA WATOTO WALIOKIMBIA VITA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu. Huu ni mwaka wangu wa tisa wa kufundisha watoto waliovuka mpaka wakikimbia vita. Sikupenda kufika hadharani. Kabla ya hii nimeandika barua tatu, zote kwa utaratibu, zote zimepita mezani kwa mkuu wangu wa shule. Ya kwanza nilijibiwa kuwa imepokelewa na inafanyiwa kazi. Ya pili nilijibiwa kuwa jambo hilo ni la afya, halihusu elimu. Nikawaandikia wa afya, nao wakanijibu kwa heshima zote kwamba watoto wakiwa darasani ni wa elimu. Nilipoziweka barua hizo mbili pamoja juu ya meza ndipo nilipoona ugonjwa wenyewe ulipo, na ndiyo sababu leo nawaandikia nyote kwa pamoja, mahali ambapo kila mmoja ataona nimemwambia nini mwenzake.

Mtoto ana kichwa kimoja. Kichwa kinachotakiwa kujifunza kugawanya saa mbili asubuhi ndicho kilichokesha kikisikia milio ya risasi ambayo haipo tena. Nyinyi mmemkata vipande viwili: masomo yake yana idara yake na bajeti yake, hofu yake ina idara nyingine na bajeti nyingine. Vipande hivyo vinakutana kwa mtu mmoja tu, mwalimu wa darasa, na mwalimu huyo hamjampa chochote. Malalamiko yangu yote yanatoka hapo.

1. Mnahesabu walioandikishwa, hamhesabu wanaojifunza.

Katika ripoti yake ya elimu ya mwaka 2023, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilieleza kuwa watoto wakimbizi wenye umri wa kwenda shule walikuwa milioni 14.8, na zaidi ya nusu yao hawakuwa shuleni. Walioandikishwa shule ya msingi walikuwa asilimia 65. Sekondari asilimia 41. Mnapozisoma takwimu hizo mnawaza madarasa ya kujenga, na mko sahihi. Mimi nawaza wale waliokuwa ndani wakatoka. Wapo wanaotoka kwa sababu sekondari hakuna, au ada hakuna, au msichana ameozwa. Wapo pia wanaotoka kwa sababu wamekaa darasani miaka mitatu bila kuelewa kitu, wameitwa wajinga, wameamini, wameondoka. Hao wa mwisho hawana safu katika fomu zenu. Kila muhula naletewa fomu ya kujaza idadi ya wavulana na wasichana. Sijawahi kuulizwa ni wangapi wanaweza kusoma aya moja na kuieleza, wala ni wangapi wameacha kuzungumza.

2. Afya ya akili mmeiweka nje ya darasa, na darasa lenyewe mmeliacha limuumize mtoto.

Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Miaka kadhaa iliyopita nilipokea msichana wa darasa la tano. Mwandiko mzuri, hesabu safi. Katika mtihani wa nusu muhula swali la insha lilikuwa lile tunalolitoa kila mwaka bila kufikiri: "Andika kuhusu familia yako." Alirudisha karatasi tupu. Nikampa sifuri, na kwenye ripoti nikaandika kwamba ni mvivu. Mkono ulioandika hivyo ni wangu, na nilichokuwa nimefundishwa chuoni kuhusu karatasi tupu ni hicho tu. Ilichukua wiki kadhaa shangazi yake kuja kunieleza kwamba katika watu saba waliotoka nyumbani kwao, waliofika ni wao wawili. Tangu siku hiyo kila insha ninayotoa ina vichwa vitatu vya kuchagua, na kimojawapo hakigusi nyumba wala ukoo. Hakuna aliyenifundisha hivyo, na haikumgharimu mtu yeyote hata senti. Lakini mtihani unaotoka juu, ule wa kumvusha mtoto au kumrudisha, bado unamtaka aeleze likizo aliyofurahia na ndugu zake.

Mwaka uliofuata alikuwapo mvulana ambaye kila kengele ikilia alikuwa chini ya dawati. Kengele yetu ilikuwa ya chuma kigongwacho. Wenzake walicheka, halafu nikagundua kuwa wanaocheka ni wachache. Waliobaki walikuwa wamekaza macho mezani. Tuliiacha kengele ile. Kiranja wa zamu sasa anapita dirishani akipiga makofi. Ndani ya mwezi mmoja yule mvulana alikuwa anabaki kwenye kiti chake, na saa ya hesabu, ambayo zamani ilipotea nusu nzima nikituliza darasa, ikarudi.

Nawaeleza haya kwa sababu ninyi mnaposikia "afya ya akili" mnamwona daktari, hospitali na vidonge. Wako watoto wanaohitaji hivyo, nami nawadai. Lakini wengi hawaumwi. Kuota majinamizi, kukojoa kitandani ukiwa na miaka kumi na mmoja, kulalamika tumbo kila asubuhi, kurusha ngumi ukiguswa begani, kucheza mchezo wa kuvamiana na kuzikana kila mapumziko, hivyo ni jinsi mwili wa mtoto unavyopokea mambo ambayo mwili wa mtoto haukuumbwa kuyapokea. Kwa wengi hupungua pale siku inapokuwa na mpangilio unaotabirika, mtu mzima asiyebadilika badilika, marafiki na mchezo. Shule ndiyo mahali pekee penye uwezo wa kutoa vyote vinne kila siku. Shule hiyo hiyo ikiendeshwa vibaya inakuwa mvamizi wa pili.

Na haya si mageni kwenu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 39, unazitaka serikali zimsaidie mtoto aliyeathiriwa na vita apone mwili na nafsi na kurudi katika jamii, na apone katika mazingira yanayolinda heshima yake. Mwaka 1996 Graça Machel, ambaye aliwahi kuwa waziri wa elimu wa Msumbiji, aliupelekea Umoja wa Mataifa ripoti yake kuhusu athari za vita kwa watoto, akitaka elimu na uponyaji wa kisaikolojia viwe sehemu ya msaada wa dharura tangu mwanzo. Viwango vya chini vya elimu katika dharura, vilivyotolewa mwaka 2004 na INEE, mtandao wa kimataifa wa mashirika yanayoshughulikia elimu katika dharura, vinataka mahali pa kujifunzia palinde usalama na utulivu wa akili wa mwanafunzi. Maandishi yapo mengi. Hayajashuka hadi kwenye mlango wa darasa langu.

3. Mwalimu anayetegemewa kuponya naye ana kidonda.

Katika shule nyingi za wakimbizi, anayeshika chaki ni mkimbizi mwenyewe. Alikuwa mwalimu kwao, au alimaliza sekondari tu akaombwa asaidie. Analipwa posho, maana sheria au utaratibu haumruhusu kulipwa mshahara kama mwalimu wa taifa. Ana watoto themanini, tisini mbele yake.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika maeneo yaliyopitiwa na vita, mtu mmoja kati ya watano anaishi na tatizo la afya ya akili, kuanzia wasiwasi na sonona hadi magonjwa makali zaidi. Mkikisoma kiwango hicho mkumbuke kuwa ndani yake yumo mama anayempeleka mtoto shuleni, na yumo mwalimu anayempokea. Mwenzangu mmoja, aliyekuwa akifundisha chumba cha pili, alikuwa akitoka nje katikati ya kipindi na kusimama nyuma ya jengo mpaka mikono iache kutetemeka. Hakuna aliyemuuliza neno. Mkaguzi alipokuja aliandika kuwa mwalimu hana udhibiti wa darasa. Aliacha kazi mwaka huo, na watoto wake tisini wakapoteza mtu mzima mwingine tena katika maisha yao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini ripoti ya ukaguzi huandikwa na aliyelala kwingine.

4. Mtoto anashushwa madarasa kwa kosa la kutojua lugha.

Mvulana wa miaka kumi na minne aliyefika darasa la saba kwao anawekwa na watoto wa miaka saba kwa sababu hajui lugha ya kufundishia, au kwa sababu cheti chake kiliungua na nyumba. Magoti hayaingii chini ya dawati. Anakaa wiki mbili, tatu, halafu anapotea. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ibara ya 22, unataka mkimbizi apewe elimu ya msingi sawa na raia, na katika ngazi za juu unataja waziwazi suala la kutambua vyeti vya shule kutoka nje na kupunguziwa ada. Hivyo swali la vyeti lilishafikiriwa zaidi ya miaka sabini iliyopita. Mtihani mfupi wa kumpima mtoto kwa lugha yake, na miezi michache ya kujifunza lugha mpya huku akiendelea na hesabu za kiwango chake, vingetosha kumbakiza. Kuna pia mipango ya masomo ya haraka kwa waliopoteza miaka, inayobana madarasa mawili katika mwaka mmoja. Imejaribiwa katika nchi kadhaa na inafanya kazi pale inapotambuliwa na baraza la mitihani. Isipotambuliwa, mtoto anamaliza akiwa na karatasi isiyomfikisha popote.

5. Msaada unakuja kwa miezi na kuondoka.

Mshauri nasaha mmoja alifika kwetu kwa mradi. Alikuwa mzuri kweli. Watoto walichora naye, wakaanza kusema. Mmoja ambaye sikuwa nimesikia sauti yake tangu afike alimweleza habari za mto waliovuka. Mradi ukafika mwisho wa muda wake, mshauri akaaga siku ya Ijumaa, na Jumatatu yule mtoto alikuwa amerudi kimya kuliko mwanzo. Waheshimiwa, kumfungua mtoto namna hiyo kisha kumwacha ni jambo baya kuliko kutomgusa. Kama fedha ni za miezi sita, basi ziwafundishe walimu watakaobaki.

6. Fimbo.

Hapa ni kifupi. Mtoto anayeshtuka, anayelala darasani, anayetazama dirishani nusu saa, bado anachapwa katika shule nyingi kwa utovu wa nidhamu. Aliyekimbia kupigwa anakuja kupigwa. Kama hamtafanya lolote jingine katika barua hii, fanyeni hili wiki ijayo, kwa waraka wa ukurasa mmoja.

Najua mtakavyonijibu, kwa kuwa baadhi ya majibu ninayo tayari kwa maandishi.

Mtasema hawa ni wageni wa muda, vita ikiisha watarudi. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, nchini Kenya, ilifunguliwa mwaka 1992, na waliozaliwa pale miaka ile leo wana watoto wao. Wakimbizi wa Darfur walianza kuingia Chad mwaka 2003, wakasomeshwa kwa mtaala wa Sudan kwa imani kwamba wangerudi karibuni. Mwaka 2014 shule zao zikahamia mtaala wa Chad, kwa sababu miaka kumi na zaidi ilikuwa imepita na vyeti havikuwa vikiwasaidia. Aprili 2023 vita ikazuka upya Sudan na watu wengine wakavuka mpaka ule ule. Wengi wa wakimbizi duniani wako katika hali iliyodumu miaka mitano au zaidi, na miaka mitano ni sehemu kubwa ya shule ya msingi.

Mtasema hamna wanasaikolojia. Ni kweli, na hata mngewapata wote wasingetosha. Lakini mwongozo wa afya ya akili na msaada wa kijamii katika dharura, uliotolewa mwaka 2007 na kamati ya pamoja ya mashirika ya Umoja wa Mataifa na wadau wake, IASC, ulilipanga jambo hili kama piramidi ya ngazi nne. Chini kabisa ni usalama na mahitaji ya msingi kwa wote. Kisha familia na jamii. Kisha msaada wa karibu kutoka kwa watu waliopata mafunzo bila kuwa mabingwa. Na juu kabisa, kwa wachache, ndipo daktari. Ngazi tatu za chini hazihitaji bingwa, zinahitaji mwalimu aliyefundishwa na anayejua ampeleke wapi yule mmoja wa ngazi ya nne. Mnaanza kujenga kutoka kileleni, mnakosa kilele, mnaacha kujenga.

Mtasema fedha zimekauka. Hili silibezi. Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, nchi nyingine nazo zikapunguza, na UNHCR ikapoteza maelfu ya wafanyakazi mwaka ule ule. Nilishuhudia mimi mwenyewe walimu wa posho wakiambiwa wasije tena. Lakini rudini juu mkasome nilichokiomba mpaka hapa. Kubadili kengele, kubadili swali la insha, kukataza fimbo, kumpima mtoto kabla ya kumshusha. Yanayohitaji fedha yapo, na nitayataja bila kuona haya, ila msitumie yale makubwa kuyakataa haya madogo.

Na wapo miongoni mwenu watakaosema kwamba hata watoto wa raia hawana mshauri shuleni, kwa nini wakimbizi wapendelewe. Hili ndilo jibu ninaloliheshimu zaidi, kwa sababu mwananchi anayekaa jirani na wakimbizi mara nyingi ni maskini kama wao. Tusijenge basi shule mbili. Nchi za IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, zilitia saini Azimio la Djibouti mwaka 2017, zikiahidi kuwaingiza wakimbizi katika mifumo yao ya taifa ya elimu. Mwaka 2018 Uganda ilitoa mpango wa elimu uliowahusu wakimbizi na wenyeji wao kwa pamoja. Rwanda ilipokea watoto wa Burundi kuanzia mwaka 2015 na kuwaingiza katika shule zake. Mwalimu aliyefundishwa kumtambua mtoto mwenye kiwewe atamtambua pia mtoto wa mwenyeji anayepigwa nyumbani, au aliyefiwa. Wapo katika darasa langu, na hawakuvuka mpaka wowote.

Kuna jibu la mwisho, ambalo haliandikwi lakini nalisikia vikaoni: "watoto husahau." Hawasahau. Huacha kusema kwa sababu wameona watu wazima wanaumia wakisema.

Kwa hiyo naomba, na kila ombi nimeliwekea mwenyewe.

Kwa Mawaziri wa Elimu: waraka wa kupiga marufuku adhabu ya viboko katika kila shule yenye watoto wakimbizi, na usimamiwe, mtihani wa kumpima mgeni kwa lugha yake kabla ya kumpangia darasa, na cheti kilichopotea kisiwe kosa la mtoto, maswali ya mitihani yapitiwe na mtu anayewafahamu watoto hawa, na somo la msaada wa kisaikolojia liwe sehemu ya mafunzo ya ualimu, lenye mazoezi, lisiwe mhadhara wa saa moja.

Kwa Mawaziri wenye dhamana ya wakimbizi: mwalimu mkimbizi mwenye sifa asajiliwe na aruhusiwe kulipwa kama mwalimu. Asiye na sifa afunguliwe njia ya kuzipata akiwa kazini.

Kwa mashirika na wafadhili: hakuna mradi wa ushauri nasaha kwa watoto unaopungua miaka mitatu, na kila mradi uwe na mpango wa kuaga ulioandikwa siku ya kuanza. Kila kundi la shule liwe na mtu mmoja mwenye mafunzo ambaye mwalimu anaweza kumfikia wiki hiyo hiyo, na saa za kumsikiliza mwalimu mwenyewe ziingizwe kwenye mpango, zisiachwe kwa huruma ya mkuu wa shule. Katika fomu zenu za muhula ongezeni safu mbili: wanaoweza kusoma na kuelewa, na walioacha shule pamoja na sababu.

Kwenu nyote: barua moja, yenye saini ya elimu na ya afya kwa pamoja, inayosema ni nani mwenye dhamana ya mtoto huyu akiwa darasani. Nikiipata hiyo, nitajua pa kupeleka barua ya tano.

Naomba majibu kabla muhula ujao haujafunguliwa. Mkipenda kuja badala ya kuandika, njooni siku ya kawaida, bila msafara, mkae dawati la nyuma kuanzia kipindi cha kwanza. Mtakaribishwa kwa makofi ya kiranja.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa darasa la tano

Nakala: Wazazi na walezi wa wanafunzi; kamati ya shule; walimu wenzangu.